Mzinga wa milimita 37 wa mahandakini: ulikuwa wa kazi gani, na hilo ganda ulilonalo ulifanyeje

"Mwalimu, shikamoo. Naishi karibu na Reims, Ufaransa, huu mwaka wa sita. Kwenye gulio la vitu vya kale nilinunua ganda la shaba, refu sentimita tisa na kidogo, kitakoni limepigwa chapa '37-85' na pembeni '17'. Muuzaji aliniambia ni la mzinga wa kupigia vifaru uliotengenezwa 1885. Nikatafuta picha, nikaiona ile ya askari wawili wa Marekani mwaka 1918, wako chini na mzinga mdogo mbele yao, miti yote imekatikakatika. Kwa macho yangu mzinga ule hauwezi kubomoa hata ukuta wa matofali. Ulikuwa na faida gani mbele ya mizinga mikubwa? Je, ndio ule 'bombom' waliokuwa wakiutaja wazee wetu wa vita vya Mjerumani? Na kwa nini uliachwa? Mwisho, mume wangu aliokota shambani kwa jirani kitu kingine chenye kutu na ncha, kinaingia karibu sawasawa kwenye mdomo wa ganda. Kipo stoo. Tunataka kuvisafisha vyote viwili na kuvipeleka Moshi Desemba viwe kumbukumbu. Kuna ubaya?"

Marahaba, dada. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lisilosubiri. Hicho chenye kutu na ncha msikiguse tena. Msikisafishe, msikipime tena mdomoni mwa ganda, wala msikitoe stoo kukipeleka nje. Fungeni mlango, watoto wasiingie, kisha pigeni simu polisi, namba 17. Sababu nitaifikia, na ukishaelewa mzinga wenyewe utaiona bila mimi kukutisha. Lile ganda la shaba ni habari nyingine, na inaelekea halina neno.

Sasa chapa. Muuzaji hakukudanganya kwa makusudi, ila alisoma tarakimu kama mtu anayesoma tarehe. Hiyo 37 ni kipenyo cha tundu la mtutu kwa milimita. Hiyo 85 ni modeli ya ganda, ya mwaka 1885, ilipoanza kutumika kwenye mizinga midogo ya jeshi la majini la Ufaransa. Mwaka wa kutengenezwa ganda lako ni ile 17, yaani 1917. Ganda la namna hii lina urefu wa milimita 94 na ukingo uliotokeza kitakoni, na lilitumiwa na silaha zaidi ya moja: mizinga ya meli, mzinga wa askari wa miguu wa mwaka 1916, na mzinga wa kifaru cha Renault FT. Kwa hiyo chapa peke yake haiwezi kukuambia ni mtutu upi uliolipiga. Kwa kuwa ni la 1917 na limepatikana upande wa Reims, ambako mstari wa mbele ulikaa miaka mingi, mzinga wa askari wa miguu ndio wa kuudhania kwanza.

Jina lake kamili kwa Kifaransa ni canon d'infanterie de 37 modèle 1916 TRP. Herufi hizo tatu ni tir rapide, Puteaux: upigaji wa haraka, na Puteaux ndiko kilikokuwa kiwanda cha silaha cha serikali, kando ya Paris. Ule wa kwenye kifaru huitwa SA 18. Hauna miguu wala magurudumu, na unajifungua wenyewe nyuma baada ya kila risasi. Watu huichanganya miwili hii kila siku kwa sababu inakula risasi za aina moja, na naamini uvumi wa "mzinga wa kupigia vifaru" ulitoka humo.

Maana hebu tazama miaka. Mzinga huu uliingia jeshini 1916. Kifaru cha kwanza kabisa kuingia vitani ni cha Waingereza, tarehe 15 Septemba 1916, kule Flers kwenye mapigano ya Somme. Wajerumani walileta cha kwao, A7V, Machi 1918, na walitengeneza kama ishirini tu. Wafaransa waliobuni mzinga huu hawakuwa na kifaru cha adui mbele yao. Walikuwa na tundu.

Nikisema tundu, nina maana hiyohiyo. Askari wa Kijerumani ameweka bunduki yake ya mashine, Maxim MG 08, ndani ya kibanda cha magogo na magunia ya udongo, au baadaye cha zege, na ameacha upenyo wa kupitisha mtutu na kuona nje. Upenyo wenyewe hauzidi sana ukurasa wa gazeti lililokunjwa. Kutoka kwenye upenyo huo bunduki moja inamwaga risasi mia kadhaa kwa dakika. Kombania nzima inayotoka handakini na kuvuka seng'enge inaweza kulazwa chini na watu wawili au watatu walio nyuma ya tundu moja.

Hapo ndipo lilipo jibu la "bombom". Katika Kiswahili cha wazee wetu waliopigana vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki, bombom ni bunduki ya mashine. Jina limetokana na mlio. Mzinga wa picha yako si bombom. Mzinga huo ulitengenezwa ili kuiua bombom. Kuna undugu wa mbali lakini: Maxim alitengeneza pia mzinga mkubwa unaojipiga wenyewe, wa milimita 37, uliotumika kwenye vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, na Waingereza waliuita pom-pom kwa mlio wake. Ule nao ulitumia ganda la umbo hilihili ulilonalo.

Utauliza, mizinga mikubwa ilikuwa wapi? Ufaransa ilikuwa na mzinga wa milimita 75 wa mwaka 1897, mzuri kuliko yote ya daraja lake. Ukiwa tayari kupiga ulikuwa na uzito unaozidi tani moja, ukikokotwa na farasi sita. Kombora lake lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo tano. Lakini ulikaa kilomita kadhaa nyuma ya mahandaki, na mpigaji hakuona shabaha yake. Aliyeona ni ofisa aliyelala mbele na simu ya waya. Vita ikipamba moto, makombora ya adui hukata waya huo katika dakika za mwanzo. Anatumwa tarishi kwa miguu. Akifika, kama atafika, bombom imeshamaliza kazi au imeshahamishwa.

Halafu kuna jambo la mtawanyiko. Mzinga wowote ukipiga mara kumi kwa mwelekeo uleule, makombora hayaangukii mahali pamoja. Upepo, joto la baruti, uchakavu wa mtutu, yote hutawanya. Kwa umbali wa kilomita nne au tano, makombora ya mzinga mzuri hutawanyika makumi ya mita mbele na nyuma ya shabaha. Hilo halina shida ukipiga kijiji au njia panda. Ukitaka tundu, utatumia mamia ya makombora, na askari wako mwenyewe hawawezi kusogea karibu na mahali hapo wakati unapiga. Kwa hiyo mizinga ya nyuma ililazimika kunyamaza au kusogeza mbele pigo lake pale hasa askari wa miguu walipokaribia tundu, yaani pale walipoihitaji zaidi.

Basi ulihitajika mzinga unaokwenda na askari, unaoliona tundu kwa jicho, na unaopiga moja kwa moja kwa umbali wa mita mia tatu, mia nne, hata elfu moja. Watu walijaribu kwanza na vilivyokuwepo: mizinga midogo ya meli ilitolewa ghalani ikafungwa juu ya mbao handakini. Ilisumbua sana. Sababu ni teke.

Hesabu yake ni nyepesi. Kombora la nusu kilo linatoka kwa kasi ya mita 367 kwa sekunde. Chochote linachokipata kwenda mbele, mzinga unakipata kurudi nyuma. Mzinga wenye uzito wa kilo 108 ukiachwa huru utarushwa nyuma kwa kasi ya karibu mita 1.7 kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Kwenye meli, mzinga umekazwa kwenye chuma na meli nzima inalimeza teke. Juu ya mbao na magunia, kila risasi inayumbisha kila kitu, na mlengaji anaanza upya kulenga.

Mafundi wa Puteaux waliufanya mtutu uteleze peke yake. Umekaa juu ya kitanda chenye breki: bomba la mafuta na springi. Ukipigwa, mtutu unarudi nyuma, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vyembamba na kuila nguvu ya teke taratibu, kisha springi inaurudisha mtutu mahali pake. Miguu ya mzinga haisikii pigo la ghafla. Inasikia msukumo mrefu na mdogo. Ndiyo maana shabaha haipotei, na ndiyo maana risasi ya pili inaweza kufuata ya kwanza baada ya sekunde mbili au tatu. Mlango wa nyuma nao ulifuata mtindo wa ule mzinga wa 75: silinda nene yenye pengo lililokatwa upande, iliyowekwa kando kidogo ya mstari wa mtutu. Unaizungusha kwa mkono, pengo linakaa sawa na tundu la mtutu, ganda lililotumika linang'olewa, jipya linaingia. Unarudisha mkono, umefunga.

Na kwa nini milimita 37, si 30, si 25? Jibu liko kwenye mkataba. Mwaka 1868, kule St. Petersburg, mataifa ya Ulaya yaliapa kutotumia vitani risasi yenye kulipuka iliyo na uzito chini ya gramu 400, ili askari mmoja asipigwe na risasi inayompasukia mwilini. Hotchkiss na watengenezaji wengine walipotaka mzinga mdogo kabisa wenye kombora la kulipuka, walihesabu kombora linalozidi kidogo gramu 400, wakapata kipenyo cha milimita 37. Kipimo kikabaki miaka yote iliyofuata kwa sababu mitambo na maganda yalikwishakuwepo viwandani.

Sasa nikuonyeshe ulivyotumika, kwa sababu picha yako inaonyesha sekunde moja tu. Picha hiyo ni maarufu. Ni ya askari wa Rejimenti ya 23 ya Marekani. Wamarekani walichukua mzinga huu kwa Wafaransa na kuweka mitatu katika kila rejimenti. Wafaransa nao walikuwa na mmoja kwa kila batalioni, ambayo ni mitatu kwa rejimenti vilevile. Unasafiri juu ya magurudumu mawili nyuma ya farasi au nyumbu hadi mahali ambapo mnyama hawezi kwenda. Kutoka hapo magurudumu yanaachwa. Mtutu na kitanda chake ni mzigo mmoja, miguu ni mzigo mwingine, watu wawili kwa kila mzigo, na nyuma yao wanafuata wabebaji wa risasi. Wakifika, miguu miwili ya nyuma inatanuliwa, mguu mfupi wa mbele unasimikwa, mtutu unapandishwa juu, unakazwa. Mlengaji anachungulia kwenye darubini, mjazaji anakaa tayari na risasi. Ni hao wawili unaowaona. Wengine wamelala nyuma, na ni vizuri wawe mbali, maana kundi la watu huvuta macho.

Mtutu unaweza kuinama nyuzi 8 chini na kuinuka nyuzi 17, na unageuka kushoto na kulia ndani ya nyuzi 35 bila kuhamisha miguu. Linganisha na ule wa 75, uliogeuka nyuzi 6 tu. Kwa mtu anayewinda matundu mawili matatu yaliyo mbalimbali, tofauti hiyo ni uhai. Kombora hufika mita 2,400, lakini kazi ya maana ilifanyika ndani ya mita 1,500, na kwa tundu dogo umbali ulipaswa kuwa mfupi zaidi ya hapo. Kwa mita 400 linafika baada ya sekunde moja na kidogo. Mtu aliye nyuma ya tundu hasikii kitu kinachokuja.

Mahali pazuri ni ubavuni. Mbele uso kwa uso na bombom utapigwa wewe kwanza, kwa sababu risasi zake mia kadhaa kwa dakika zitakufikia kabla hujarekebisha darubini. Ukiwa pembeni, tundu lake halikuoni, lakini wewe unaona mdomo wake kwa mshazari. Unapiga moja, unaona udongo ulipotimka, unarekebisha, unapiga ya pili, na ya tatu inatakiwa iingie. Kasi ya juu kabisa ni risasi 25 kwa dakika, ila hiyo ni ya kwenye karatasi. Risasi nzima hukaribia gramu 700. Ukipiga kwa kasi hiyo unateketeza kilo 17 kwa dakika, na kila kilo imebebwa mgongoni kupita kwenye matope. Wenye kujua kazi walipiga chache kwa uangalifu, wakahama.

Wewe umeona udogo wa kombora, na hujakosea. Ndani yake mna vilipuzi gramu 30 hivi. Bomu la mkono la Kifaransa la F1 lilikuwa na gramu 60. Yaani kombora la mzinga huu lilibeba nusu ya kile askari alichoweza kurusha kwa mkono. Ukuta wa matofali lingeutoboa na kulipukia ndani, lakini halingeuangusha. Nguvu yake yote iko katika kufika mahali penyewe. Gramu 30 ndani ya chumba chenye watu watatu na bunduki moja zinatosha. Gramu hizohizo zikipasuka mita mbili kando, kwenye magunia ya udongo, hazifanyi kitu.

Mambo yaliyokwenda mrama yalikuwa mengi, na karibu yote yalianzia ardhini. Miguu isipochimbiwa vizuri, risasi ya kwanza na ya pili huiingiza zaidi udongoni na shabaha inasogea. Kwa hiyo risasi za mwanzo mara nyingi zilikuwa za kuukita mzinga, si za kumpiga mtu, na wakati huo adui ameshaona moto. Kwenye matope mguu mmoja huzama kuliko mwingine, mtutu unalala upande, na kombora linakwenda chini na pembeni, upande ule uliozama, hata kama darubini inasema umelenga sawa. Kwenye udongo mkavu, upepo wa mdomo wa mtutu hutimua vumbi jeupe linaloonekana mbali. Dawa yake ni kumwaga maji au kutandika magunia mabichi mbele ya mdomo. Shida kubwa kuliko zote ilikuwa kuendelea mbele. Ardhi ya Verdun au ya Chemin des Dames ilikuwa mashimo matupu, shimo linagusa shimo. Kilo 108, risasi, na watu waliolala macho wiki nzima. Mara nyingi askari wa miguu walifika mbele na mzinga ukawa bado uko nyuma kwenye shimo la tatu.

Naomba ulikumbuke na jambo hili moja kuhusu udongo laini, tutalirudia: kombora likitua kwenye tope, halisimami ghafla. Linapungua mwendo taratibu kama mkono ndani ya uji. Fyuzi yake, kile kifaa cha kulipua, kinategemea kusimama ghafla. Kwa hiyo mengi yaliingia ardhini bila kulipuka.

Uliuliza kwa nini uliachwa. Kulikuwa na mshindani, naye alitoka Uingereza. Januari 1915 Wilfred Stokes, mhandisi, alionyesha kombeo la mahandakini, yaani mota, lisilo na kitu cha ajabu: bomba laini ndani, kitako cha chuma, miguu miwili. Unadondosha bomu mdomoni, linateremka, fataki yake, yaani kiwashio cha baruti, inagonga msumari chini, linaruka. Halina breki, halina mlango wa nyuma, halina darubini ya gharama. Lilikuwa na uzito wa kilo 49 hivi. Bomu lake lilikuwa karibu kilo tano, na kati ya hizo karibu kilo moja ilikuwa vilipuzi. Weka kilo moja kando ya gramu 30.

Hapa nataka kuwa mwaminifu kwa mzinga wako, kwa sababu wengi husimulia habari hii kana kwamba Wafaransa walikuwa wajinga. Kombeo la Stokes la mwanzo lilifika kama mita 700 tu na halikuweza kuingiza bomu kwenye tundu. Bomu lilikuwa linapinduka hewani. Mzinga wa 37 ulilenga vizuri kuliko kombeo lolote la wakati ule, na kwa bombom iliyo ndani ya kibanda chenye paa nene, kombora moja lililopita tunduni lilizidi mabomu kumi yaliyopasukia juu. Wafaransa na Wamarekani walimaliza vita wakiwa na vyote viwili ndani ya rejimenti, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi kwa mwaka 1918.

Lakini kanuni iliyoubeba ndiyo iliyouponza. Ili mzinga huu uone tundu, lazima tundu, au jirani yake, liuone mzinga. Kombeo linapiga kutoka ndani ya shimo, juu ya kilima, bila mpigaji kuinua kichwa. Wajerumani walipoacha kujaza watu kwenye mstari mmoja wa mbele na kutawanya bombom kwa kina, nyingine nyuma ya miteremko, matundu ya kuonekana moja kwa moja yalipungua. Na hapo Brandt, Mfaransa, akalichukua kombeo la Stokes baada ya vita, akalipa mabomu yenye mapezi yasiyopinduka hewani na masafa marefu zaidi. Lile la milimita 81 la mwaka 1927 likaigwa na majeshi mengi duniani. Upande wa pili vifaru vilinenepa ngozi, na kombora la nusu kilo linalokwenda mita 367 kwa sekunde halikuwa na la kufanya mbele ya chuma kinene. Mzinga wa 37 ukawa mwepesi mno kwa kifaru na mzito mno kwa kombania.

Wengine nao walikuwa wamepita njia hiyohiyo. Urusi ilikuwa na wa kwake wa milimita 37 wa Rosenberg mwaka 1915, Austria-Hungaria ilikuwa na M.15, na Japani ilitoa Aina ya 11 mwaka 1922. Wajerumani walifuata njia nyingine: walifupisha mizinga ya Kirusi ya milimita 76.2 waliyoiteka, wakaipeleka mbele na askari wao wa mashambulizi. Ilikuwa mizito kuikokota, lakini kombora lake lilibomoa.

Na huku kwetu? Vita vya pori vya Afrika Mashariki vilikuwa na sheria zake. Kwenye vichaka vya Lindi au Rufiji, mtu haoni mita hamsini mbele. Mzinga unaotegemea jicho la mlengaji hauna kazi hapo, na kila kitu kinabebwa kichwani na wapagazi. Vikosi vya upande wa Mwingereza vilipata makombeo ya Stokes, yaliyoweza kugawanywa mizigo na kupiga juu ya vichaka. Kwa hiyo ukiwa na babu aliyekuwa King's African Rifles, inawezekana sana aliliona kombeo la Stokes. Mzinga wa ganda lako ni wa mahandaki ya Ufaransa.

Turudi stoo. Kombora la 37 likiwa bado halijapigwa, fyuzi yake imefungwa isifanye kazi. Likipigwa, mshtuko wa kuondoka na kuzunguka kwa kombora mtutuni huifungua. Kuanzia hapo linangoja kugonga tu. Likitua kwenye tope lisilipuke, linabaki limefunguliwa, msumari wa fyuzi ukiwa umezuiwa na kitu kidogo sana: springi, uchafu, na leo kutu. Kutu ikivunjwa kwa brashi ya waya, kwa kugongwa, au kwa kulazimishwa kuingia kwenye mdomo wa ganda, hakuna kinachozuia tena. Miaka mia moja haikuidhoofisha baruti. Baadhi ya makombora ya Kifaransa ya wakati ule yalijazwa melinaiti, ambayo ni asidi ya pikriki, na asidi hiyo ikikaa na metali hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa kusuguliwa. Ni hatari zaidi sasa kuliko ilivyokuwa 1917.

Kuna alama ya kulitambua kombora lililopigwa: ule mkanda wa shaba nyekundu kiunoni mwake huwa na mikwaruzo ya mshazari, alama za mifereji ya ndani ya mtutu. Usiingie kuitafuta. Ikiwa mna picha mliyopiga siku mlipoliokota, waonyesheni polisi hiyo. Kitu kisichojulikana kilichotoka shambani kwenye mstari wa zamani wa mbele kinatendewa kama kilichopigwa, basi. Polisi au ofisi ya meya watawaita wateguzi wa mabomu wa serikali. Ndiyo kazi yao ya kila siku katika eneo lenu, na wakulima huwaita kila msimu wa kulima. Waambieni mahali kilipookotwa, siku gani, na kwamba sasa kiko ndani ya nyumba. Msiwapelekee kwa gari ili kuwapunguzia safari. Na mume wako asiokote kingine, maana kwenye mashamba hayo mna makombora ya gesi pia, na kwa macho hayatofautiani na mengine yaliyooza kwa kutu.

Lile ganda la shaba, ligeuze utazame kitakoni katikati. Ikiwa fataki ina kidimbwi kilichopigwa na msumari, na ndani ya ganda ni tupu hadi chini, ni shaba tu. Ikiwa fataki ni laini bila kidimbwi, inaweza kuwa hai ingawa ganda ni tupu. Liweke kando na uwaonyeshe wateguzi haohao watakapokuja. Likiwa salama, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likaushe kwa kitambaa, upake nta kidogo. Usilisugue kwa ndimu na majivu kama sufuria ya sikukuu. Litang'aa, ndiyo, lakini ile 17 utaila pole pole, na ndiyo yenye thamani kuliko mng'ao. Ukitaka kuuona mzinga wenyewe, waandikie wahifadhi wa makumbusho ya Vita Kuu kule Meaux au Musée de l'Armée Paris, uwatumie picha ya chapa. Wanaweza kukusomea na zile herufi nyingine zilizoko kitakoni.

Kuhusu Moshi: usiliweke ganda kwenye begi la ndege, la mkononi wala la chini, kabla hujapata jibu la maandishi kutoka shirika la ndege na kutoka forodha. Mashine ya uwanjani haisomi historia, inaona umbo la risasi, na mara nyingi hata ganda tupu huzuiwa na mwenye begi akawekwa pembeni kwa saa kadhaa. Kama jibu halitafika kabla ya Desemba, piga picha nzuri ya kitako kwenye mwanga wa pembeni, saa za asubuhi, tarakimu zitatokeza zote, uwapelekee hiyo.